Mashine Yenye Haikuwa na Muntu Ndani

Asubuhi ile, hapa mujini Baraka, kando ya ziwa, mama mumoja alitupa beseni yake ya ndagala, samaki ndogo za ziwa, katikati ya barabara, akakimbia bila kuangalia nyuma.

Sababu? Mashine ilikuwa inamufuata.

Haina sauti. Haina moshi. Na ndani hakuna muntu.

"Shetani! Shetani ametoka!"

Mi nilikuwa pale pale. Nilitaka kucheka, lakini nilipoangalia sura za bantu, nikaenda kuokota ndagala.

Naitwa Florentine, mutoto wa Lweba. Tulikuwa tunajenga maternite mupya, nyumba ya kuzalia, na bamama wenye kuzaa balikuwa banalala nyumba ya pembeni, ukuta kwa ukuta na sisi. Ndiyo maana balituletea ile grue ndogo, mashine ya kunyanyua vitu vizito. Inatumia mazutu, mafuta ya dizeli, inatumia batri pia. Ukizima moteri, batri inaendelea na kazi kimya kimya, katoto kenye kalizaliwa jana hakasikii kelele, hakavuti moshi.

Mwenye kuiendesha alikuwa Gordien, Murundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Kazi hiyo alijifunza Bujumbura, kabla ya kukimbia kwao. Haingii ndani. Anavaa telekomande, kisanduku cha kuiongozea mbali, kifuani kwa mukanda, anatembea pembeni, mashine inamutii. Mi kazi yangu ilikuwa kumuonyesha kwa mikono: nyanyua, shusha, simama.

Tulielezea bantu. Nani alisikia?

Mbaya zaidi alikuwa Casimir, motari mwenye anasimamisha pikipiki yake kwenye mulango wa shantie, pale tunajenga.

"Kitu chenye kinatembea bila muntu kinatafuta muntu," alisema. "Siku moja kitakula mumoja wenu. Mutaniambia."

Maneno yakasambaa mpaka sokoni. Nikawa naenda kazini roho juu. Pikipiki ikilia nyuma yangu, nashituka. Bantu bakicheka pembeni, nafikiri bananicheka mi.

Gordien yeye? Anapiga mululi tu kwa mudomo.

"We hauogopi?" nikamuuliza.

"Dada Florentine, mi nilitoka pahali penye bantu balikuwa banafuata bantu. Mashine itanifanya nini?"

Basi.

Siku yenyewe ilifika. Mazutu ilikuwa imeisha, boti yenye ilipaswa kutuletea haijaonekana. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelegea. Na camion, lori kubwa, ikafika na vyuma vya paa, mizigo mizito imefungwa kwa minyororo.

"Tungoje mazutu," nikasema.

"Batri inatosha," akasema Gordien.

Tukasimamisha mashine kwa miguu yake ya chuma. Gordien akapita nyuma ya camion ili aangalie namna mizigo imefungwa.

Kamba yenye ilishika mizigo kwenye camion ikakatika.

Bandugu, ile sauti ya vyuma kuanguka, mpaka leo ikinijia nasimama kama nilikuwa nimekaa.

Muzigo muzima ulimulalia kwenye miguu, yeye kifudifudi, uso kwenye matope. Nikapiga magoti. Anapumua. Telekomande iko chini ya kifua chake.

Bantu bakajaa kama siafu. Tukajaribu kusukuma kwa mikono, vyuma havikutikisika hata.

"Si nilisema?" Ni sauti ya Casimir. "Imeanza kula!"

Mumoja akaokota jiwe. Mwengine jiwe. Jiwe la kwanza likapiga mashine, tii! La pili likapita karibu na sikio langu.

Basi nikasikia sauti kutoka chini, ndogo, ya kukauka:

"Florentine. Usikimbie."

"Niko hapa."

"Telekomande iko na mimi. Mikono yangu inatembea. Lakini sioni kitu. We utakuwa macho yangu."

Unaelewa? Muntu mwenye vyuma vimemulalia ndiye alitaka kuvinyanyua mwenyewe.

Mikono yangu haikuwa na maana tena, hawezi kuiona. Nikaanza kuongea.

"Kushoto. Kidogo. Simama! Shusha... shusha... simama."

Ndoano ikashuka mbele ya uso wangu. Nikaifunga kwenye minyororo, haraka haraka mpaka nikajibana vidole.

"Nyanyua. Pole pole."

Bantu bakaacha kurusha, mawe mukononi. Mashine inatembea, hakuna muntu ndani, na kila muntu anasikia mwenye kuiendesha analia chini ya vyuma.

Muzigo ukapanda kidogo. Halafu nikaona muguu wa mashine unazama kwenye matope.

"Iko je?" akauliza Gordien.

"Iko sawa," nikasema. Mungu anisamehe.

Halafu nikageukia bantu, nikapiga kelele yenye sikujua niko nayo:

"Mawe! Muko nayo mukononi! Leteni muweke chini ya vyuma!"

Hakuna mwenye alitikisika.

Nikamwangalia Casimir. Jiwe lake lilikuwa kubwa kuliko ya bengine.

Akakuja. Akapiga magoti kwenye matope karibu yangu, akalisukuma chini ya vyuma, pembeni kabisa ya muguu wa Gordien. Akageuka: "Munangoja nini? Leteni!"

Bakaleta. Jiwe juu ya jiwe.

Ghafla mashine ikazimika kabisa. Batri imekufa. Muguu wa mashine ukazidi kuzama, vyuma vikashuka... vikakaa juu ya mawe. Tii.

Vikabaki pale.

Casimir na bengine bakamushika Gordien mabega, bakamuvuta. Akatoka akipiga yowe, lakini akatoka.

Muguu mumoja ulivunjika. Mumoja tu.

Kesho yake nikaenda kumuona hospitali.

"Nikuambie kitu," akasema. "Ile batri, taa yake ilikuwa nyekundu hata kabla hatujaanza kushusha mizigo. Nilijua haitamaliza."

"Sasa mbona haukusema?"

"Ungebaki na mi pale kwenye vyuma?"

Na mi nikamuambia habari ya muguu wa mashine kuzama. Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka infirmière, muuguzi wa pale, akanifukuza.

Nje nikamukuta Casimir na pikipiki yake. Hakuniangalia usoni.

"Muambie akipona, nitamurudisha Lusenda mwenyewe," akasema. "Pole pole. Njia ni mbaya."

Mi sina hekima kubwa ya kuwapa. Nasema hivi tu: ukiokota jiwe, usilirushe haraka. Muntu chini pale anaweza kuwa analingoja.