Kura ya Tata Chola

Jirani yangu mpya amefungua karakana nyuma ya ukuta wangu. Asubuhi akianza kupasua mbao za mulombwa, vumbi lake jekundu huvuka ukuta na kutua kwenye chai yangu. Harufu yake ni tamu kidogo, halafu inawasha puani. Wajukuu wangu wanaipenda. Mimi hufunga dirisha. Nikiwaambieni kwa nini, hamtanipenda sana, lakini kwa umri huu sitafuti tena kupendwa.

Nilikulia mtaa wa Katuba, wakati wa ukoloni, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville. Avenue yetu ilikuwa na watu wa Kasai upande mmoja na sisi wa kaskazini mwa Katanga upande wa pili, na kila upande ulikuwa na shirika lake la misiba. Ukifiwa, watu wa shirika lako ndio walioleta kuni, ndio waliokaa kiliyoni, kwenye matanga, ndio waliobeba sanduku hadi makaburini. Asiye na shirika alikuwa maskini kuliko asiye na shati.

Tata Chola, seremala, alitoka Kasenga, mtoni Luapula, na kwenye avenue yetu hakuwa na mtu wa kwao hata mmoja. Lakini wafu wa pande zote mbili walilala kwenye masanduku aliyoyatengeneza yeye, kwa hiyo pande zote zilimheshimu. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu ya pia za kuchezea alizotuchongea kutokana na vipande vilivyobaki.

Kisha ikatangazwa kwamba wanaume wa mji watapiga kura kuchagua washauri wa komini, baraza la mitaa yetu. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Baba yangu, mfanyakazi wa reli na mkuu wa shirika letu, aliihesabu avenue kila jioni kwa punje za mahindi, na kila mara mafungu mawili yalilingana. Ikabaki punje moja mkononi. Punje hiyo ilikuwa Tata Chola.

Ghafla kila mtu akawa ndugu yake. Watu wa Kasai walimpelekea paja la mbuzi. Baba alimpelekea bia na samaki wa kukaushwa wa Kasenga; fikirini, kumpelekea mtu wa Kasenga samaki wa Kasenga! Tata Chola alipokea vyote na kushukuru vyote.

"Sasa uko wetu?" baba alimuuliza.

"Niko jirani yenu, Tata Ilunga."

"Jirani apana jibu."

"Miye nitachagua muntu. Wenu nikimuona muzuri, nitamuchagua. Wao nikimuona muzuri, njo yeye nitachagua."

Baba alicheka kwa meno tu. Njiani kurudi akaniambia neno moja: "Popo."

Nyote mnakijua kisa cha popo. Kwa ndege alijiita mnyama, kwa wanyama akajiita ndege, na mama yake alipokufa hakuna aliyekuja kumzika. Bibi yangu alitusimulia ili tucheke. Mimi nikakifanya wimbo:

*Popo, popo, una meno, una bawa,*
*Wako akifwa, nani atabeba?*

Watoto wa Kasai waliupokea siku hiyo hiyo. Ndio wimbo pekee tulioimba pamoja mwaka ule.

Jumapili ya kura nilikuwa bombani nachota maji wanaume walipopita na mashati yao yaliyopigwa pasi. Nyuma yao akaja Tata Chola juu ya kinga yake, baiskeli nyeusi, lakini hakuelekea walikoelekea wao. Binti yake Mwenya, rika langu, alikuwa amefungwa mgongoni mwake kwa kitenge, kichwa kimelegea. Walikwenda hospitali. Walirudi taa zikiwashwa, na masanduku ya kura yalikuwa yamefungwa zamani.

Hesabu ya komini nzima ilipotoka, mtu wetu alishindwa kidogo sana. Baba alisema Popo ametuuza. Walioshinda nao walisema alikataa kutoa ahadi, hivyo akiwa na shida akaombe msaada kwa wale aliowapa kura. Mimi nilijua kwamba hakumpa mtu yeyote kura. Nilinyamaza. Ningesema, wimbo wangu ungekufa, na ulikuwa umenipa jina kwenye avenue.

Mwenya alifariki juma lile. Asubuhi tuliamka kwa harufu ya mulombwa. Masanduku ya wengine Tata Chola aliyatengeneza kwa mbao za kreti. Lile alilitengeneza kwa mti mwekundu. Alipokuja kwetu, nywele na kope zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi.

"Tata Ilunga, ninaomba bantu bane tu. Sanduku iko kadogo."

"Uliza bale ulibapatia kura yako."

Alivuka barabara. Tulisikia jibu la huko kwa sababu lilisemwa kwa sauti ili tulisikie: "Enda kwa Ilunga!"

Basi akalifunga sanduku nyuma ya kinga kwa mipira ya tairi kuukuu, akaisukuma, mkewe akishika kwa nyuma. Sisi watoto tulisimama kandokando na kuimba. Ndiyo, niliimba. Nilianzisha mimi.

Mbele ya lango letu mpira ulilegea. Sanduku likainama. Tata Chola aligeuka, akaniona mimi niliyekuwa karibu zaidi.

"Mwana, unishikiliye kinga."

Nilimtazama baba mlangoni. Hakutikisa kichwa. Nikaweka mikono yangu nyuma. Mama Mwenya akalizuia sanduku kwa kifua chake, na mumewe akaukaza mpira kwa meno, huku mtoto fulani nyuma yangu akiumalizia ubeti.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee wa kulishwa, nilimwambia.

"Tata, Chola hakupiga kura. Miye nilimuona."

"Nilijua," akasema. "Nilipishana naye njiani. Kale kabinti kalikuwa kanatapika."

"Juu ya nini basi ulimukatalia?"

"Tulishindwa, mwana. Kushindwa kunatafutaka muntu." Kisha akaomba chumvi.

Kwa hiyo neno nililolificha lisingebadilisha kitu. Hakuadhibiwa kwa kura. Aliadhibiwa kwa zile siku ambazo pande zote zililazimika kumbembeleza. Ningeweza kujifariji kwa hilo, na wengine wamenishauri hivyo. Lakini asubuhi ile Tata Chola hakuniomba neno. Aliniomba mikono, na nilikuwa nayo miwili.