Unene wa Mstari

Mjomba wangu alikuwa mchora ramani, na unadhifu wake ulikuwa kero. Hata kikombe cha chai kilikuwa na mahali pake mezani. Ukikisogeza, anakirudisha huku anaendelea kukusikiliza. Ofisini walimwita Rula, naye jina hilo lilimfurahisha.

Mwaka mmoja alipewa ramani ya mpaka wa nchi yetu na nchi jirani ainakili upya, maana ile ya zamani ilikuwa imechakaa. Kalamu yake nyembamba ilikuwa imeziba. Badala ya kusubiri nyingine, akachukua nene, akachora mpaka kwa mstari wa milimita moja. Kwenye karatasi, hiyo si kitu. Kwa kipimo cha ramani ile, ardhini ni mita hamsini.

Ndani ya mita hizo lilikuwamo shamba la mama yangu, dada yake mkubwa. Shamba lililofuata, upande wa pili wa mpaka, lilikuwa la rafiki wa mama tangu usichana. Serikali mbili ziliposoma ramani, kila moja ilidai unene wote wa mstari ni wake. Watu wa huku wakang'oa mihogo ya kule, wa kule wakachoma uzio wa huku. Mama na rafiki yake wakaacha kusalimiana, miaka sita. Mama aliendelea kupika chakula cha mtu mmoja zaidi kwa mazoea, kisha anakitazama kikipoa. Iliniuma sana.

Kamati ya mpaka ilipokutana, mjomba alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu.

"Mzee, maliza salama," mkuu wake alimshauri.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mjomba akajibu. Akasimama mbele ya kamati, akasema, "Kalamu ilikuwa nene. Kosa ni langu."

Wakarudi kwenye mawe ya mpaka ya zamani, wakavuta uzi. Ukapita katikati ya viazi vya mama. Matuta matatu yakaangukia ng'ambo.

Mjomba alikuja kwetu siku hiyohiyo, akasimama mlangoni.

"Dada, nimekupotezea matuta matatu."

"Matuta ni nini," mama akasema. "Wewe ulinipotezea mtu."

Akafuta mikono, akaenda mpaka kwenye uzi. Rafiki yake alikuwa upande wa pili na jembe lake.

"Matuta haya sasa ni yako," mama akamwambia. "Lakini viazi nilipanda mimi. Sijui tutakula kwa nani."

Rafiki yake akaweka jembe chini.

"Kwangu," akasema. "Na huyo mdogo wako mwenye kalamu umlete, asije akalala na njaa."