Emmaculate Aombewa Utulivu

Emmaculate Nekoye ni jirani yangu hapa Kimbo, mlango kwa mlango, na nikisema ana sauti ya chini sitaki mtu adhani ni mpole. Hapendi kelele, basi. Akigombana na Tobias mumewe sisi majirani hatupati uhondo wowote, maana hugombana kwa kunong'ona.

Kazi yake ni kusoma. Katika kampuni moja ya kuchapisha lebo huko Ruiru, yeye ndiye jicho la mwisho kabla mashine haijawashwa: shampuu, mafuta ya kupikia, dawa za mifugo. Bila saini yake hakichapwi kitu. Zamani alikuwa na kachumba kake kando ya stoo ya karatasi, kenye mlango, na mlango ulikuwa unafungwa. Humo alisoma akichezesha midomo, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu, na makosa hayakumpita.

Halafu bosi wao, Gachau, akaenda semina. Mimi naamini balaa nyingi za ofisini huanzia semina. Aliporudi alibomoa kuta zote ndogo, akaunganisha meza, akatangaza kwamba sasa wao ni familia moja. Emmaculate akajikuta katikati ya Lynn, anayeuza kwa simu na kuamini mteja wa Nakuru hasikii asipopigiwa makelele, na Marvin, anayechora lebo huku video za simu yake zikijichekea. Nyuma yake alikaa Auntie Ngendo wa akaunti, anayeongoza maombi ya asubuhi na kumjulia hali kila anayeingia, yeye na watoto wake wote.

Wote ni watu wazuri, na hilo ndilo lililommaliza. Angemchukia nani?

Alijaza pamba masikioni. Lynn akawa anamgusa bega kila akiwa na jambo, na Lynn hakosi jambo. Akavaa hedifoni zisizo na muziki, Marvin akaja kuuliza anasikiza nini ili naye amtumie. Akajaribu kufika mapema kabla ya wenzake, akamkuta mfagiaji na redio yake. Mwisho akawa anabeba lebo chooni na kuzisoma akiwa amekaa juu ya kifuniko, mpaka Auntie Ngendo alipobisha kwa upole na kumpitishia dawa ya tumbo chini ya mlango.

Kosa la kwanza lilipita kwenye lebo ya mtindi: tarehe ya mwisho wa kutumiwa ilichapwa ya mwaka uliokwishapita. Gachau hakufoka. Alimwambia tu kwamba la pili likipita, itabidi waachane. Tobias alikuwa amesimamishwa kazi kiwandani Thika tangu Krismasi, kwa hivyo nyumba nzima ilikuwa inakula kwa macho ya mama. Jioni hiyo Emmaculate alinikuta nikianua nguo, akashika kamba kana kwamba angeanguka.

"Mama Purity, naisha," aliniambia. "Nasoma laini moja, nafika mwisho, sijui nimesoma nini. Narudia. Bado sijui."

Nilimpa vibanio ashike.

Ndipo ikaja lebo ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Herufi ndogo, vipimo vingi, na dawa yenyewe ilikuwa inaenda Gatuanyaga na kwingine kukavu, ambako mbuzi ndiye karo ya shule. Emmaculate aliiogopa tangu alipoiona. Alimwendea Gachau akamwomba amruhusu asomee kwenye stoo ya karatasi, hata bila taa, siku hiyo tu. Gachau alicheka kwa wema na kumkumbusha kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa ndiye mwenye nyumba, na mlango umeung'oa mwenyewe.

Emmaculate akalia pale pale mbele yake. Hakuna aliyewahi kumwona akilia, na huku kwetu mama wa watu akilia kazini hakuna anayeuliza kuhusu kazi. Watu huuliza kuhusu nyumba yake, na roho yake, kisha humwombea. Gachau alimwita Auntie Ngendo.

Emmaculate alikuwa amerudi mezani na kufika nusu ya lebo walipomzunguka. Mikono ikamtua kichwani na mabegani, na kila mmoja akaanza ombi lake kwa sauti yake, wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Lynn aliombea ndoa. Marvin alikemea kitu ambacho hata yeye hakukijua. Emmaculate aliomba wamwache amalize laini chache tu zilizobaki, lakini nani angemsikia? Akashindwa, akaangua kilio kutoka tumboni. Wakajua mzigo umeanza kutoka, wakapaza sauti zaidi.

Walipomaliza, kijana wa mashine alikuwa amesimama mlangoni akingoja, na mwenye dawa alikuwa ameshapiga simu mara ya tatu. Gachau alimwomba atie saini, tena kwa upole. Laini za chini hakuwa amezisoma. Kichwa kilikuwa kinavuma. Alitia saini.

Kesho yake kwenye maombi Auntie Ngendo alimwomba asimame atoe ushuhuda. Simu zikawekwa mezani, Marvin akazima yake, na ukumbi ukanyamaza kabisa. Wote walimtazama kwa upendo. Emmaculate hakuwa amesikia kimya kama kile tangu kuta zibomolewe, na hakutaka kukipoteza. Alitoa nakala ya ile lebo ya dawa ya minyoo kwenye mkoba, akaanza kuisoma akichezesha midomo. Walidhani ni neno la Mungu, wakainamisha vichwa.

Alifika laini za chini. Ilipaswa kuwa mililita kumi kwa mbuzi wa kilo hamsini. Palikuwa pameandikwa kilo tano.

"Boss," alisema, "hii dawa itaua mbuzi za watu. Nilisaini bila kusoma. Simamisha lori, tafadhali. Mimi nitaenda nyumbani."

Lori lililobeba lebo hizo lilikuwa limeondoka alfajiri kwenda kwa mwenye dawa. Gachau alinyakua simu, akampigia dereva. Lynn akauliza lori gani, Marvin akaapa kwamba yeye alichora hamsini, Auntie Ngendo akaanza kumwita Yesu, na wote wakawa wanasema kwa pamoja. Emmaculate alimwona Gachau akiziba sikio moja kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Alimsogelea mpaka karibu wagusane. Aliniambia hata hapo hakuweza kusikia kama dereva ameshika simu.