Betri ya Sista kwenye Uwanja wa Majimoto

Niliondoka Makanyagio, mtaa wetu wa mjini, kwa kupenda sifa, na nakiri mapema. Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi ndiye fundi pekee mtaani mwenye paneli ya sola. Mwalimu Kasiani wa Majimoto aliniita: fainali yao ya mpira na kijiji jirani cha Kasansa ilikuwa imevunjika mara mbili kwa giza, maana wachezaji hutoka mashambani jua likielekea kuzama. Alitaka uwanja uwake kwa umeme wa jua. Nikajiona mtu mkubwa.

Paneli ninayo, betri sina. Nikaenda kuazima ile ya zahanati, iliyowasha taa ya chumba cha kujifungulia. Sista akanipa pamoja na chupa ya maji ya betri.

"Usitie maji mengine humo, Fundi. Na keshokutwa jioni iwe hapa."

"Sitathubutu, Sista."

Alfajiri nilipanda lori la magunia. Baada ya Sitalike barabara ilikuwa mashimo matupu, na mbung'o walituuma hadi kwenye nyusi. Shimo moja liliilaza betri ubavu, maji yake yakamwagika, na chupa ikapasuka. Ningeweza kushuka nirudi. Sikushuka.

Majimoto tulifika saa sita mchana. Taa nne za lori bovu zilikuwa zimeshafungwa juu ya nguzo, na hata wafugaji walikuja mapema kuona. Nilimweleza Mwalimu habari ya maji. Akacheka, akanipeleka kwenye chemchemi inayofuka mvuke.

"Nyie wa mjini kila siku mnatuambia tuchemshe maji. Haya kachemsha Mungu mwenyewe. Sasa unaogopa nini, Fundi?"

Nilijua si sawa. Maji ya betri hayatakiwi kuwa na chumvi hata chembe, na pembeni ya ile chemchemi chumvi ilikuwa imeganda nyeupe. Lakini huko uwanjani watu walikuwa wakiniita, "Fundi! Fundi!" Nikayaacha yapoe, nikatia, nikaiunga betri kwenye paneli.

Jua lilipozama nikawasha. Uwanja ukang'aa, akina mama wakapiga vigelegele, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Majimoto wakafunga bao. Muda si mrefu taa zikawa nyekundu, kisha zikazimika. Fainali ikavunjika mara ya tatu.

Kesho yake nilirudi nimeipakata betri. Nilifika zahanati magharibi. Sista aliiunga, akabonyeza swichi mara tatu. Ndani kulikuwa na mama anagumia kwa uchungu.

"Umetia nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinipa kandili, akanisimamisha nje ya dirisha, niinue mkono imulike ndani, na uso niugeuzie barabarani. Niliishika hadi mkono ukafa ganzi, hadi nikasikia mtoto analia.

Betri ile haikupona. Siku hizi nasikia watu wakisifu viwanja vikubwa vinavyowaka kwa nguvu ya jua. Mimi huuliza kwanza betri imetoka wapi.