Kompyuta ya Mama Simu ilipokata kauli

Saa moja kasoro asubuhi, mwanamke ambaye hospitali nzima inamwita Mama Simu anavua viatu, anavisukuma chini ya meza kwa kisigino na kuvaa ndala. Anapapasa kasha la kompyuta, anabonyeza swichi, feni inaanza kuunguruma. Anaandika neno la siri, anabonyeza enta mara mbili kama alivyozoea, kisha anainamisha kichwa upande wa kushoto kusikiliza.

Kimya.

"Bado imekata kauli," anasema, na kucheka kicheko kifupi kisicho na raha.

Mama Simu ni kipofu tangu utotoni. Ndiye anayepokea simu zote za hospitali hii, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Sikio la kulia ni la mpigaji. La kushoto ni la kompyuta, yenye programu inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye skrini. Ukimuuliza mgonjwa wako amelazwa wapi, anaandika jina, kompyuta inamtajia wodi, naye anakuunganisha. Sauti yenyewe ameiwekea kasi ambayo mgeni husikia kama bisi zinapasuka sufuriani.

Mwishoni mwa wiki mafundi waliweka mfumo mpya wa ulinzi kwenye kompyuta zote. Jumatatu, kompyuta yake ikawa bubu. Leo ni Jumatano, na mkuu wa utawala amempa mpaka saa kumi jioni. Isipoongea, kiti hiki anapewa mtu mwingine, naye atahamia chumba cha kufulia, kukunja mashuka.

"Kukunja mashuka si aibu," anasema. "Lakini kazi yangu ni hii. Wanangu wamesoma kwa kiti hiki, na wa mwisho bado yuko chuoni."

Msaada ameutafuta. Jumatatu alipiga simu ofisi ya mafundi, akaulizwa anaona nini kwenye skrini. Akajibu kwamba yeye haoni kabisa, ila kompyuta yake huongea na sasa haiongei. Akaambiwa azime, awashe. Akazima, akawasha, mpaka vidole vikachoka.

Jumanne wakamletea skrini mpya. Mwandishi wa habari hii alidhani anataniwa, lakini ndiyo hiyo hapo mezani, kubwa, inang'aa, na plastiki yake haijabanduliwa pembeni. Aliyeileta alimwambia kwamba sasa mambo yatakuwa safi.

"Nikamwambia, baba, hata ungeniletea dirisha, kwangu ni yale yale."

Simu inalia. Mtu anamtafuta mama yake aliyeletwa jana. Mama Simu anamwomba asubiri, anaanza kupigia wodi moja baada ya nyingine kuuliza. Akirudi kwenye laini, mpigaji ameshakata. Inayofuata ni mtu mwenye matusi. Anayasikiliza yote, anasema pole. Nyuma yake wafanyakazi wanaingia na kutoka, kwa sababu kabati la vikombe liko huko. Mwandishi amekaa upande wa pili wa meza na kuona mgongo wa skrini tu.

Saa nane mchana anafika fundi mrefu mwenye mkoba begani. Huyu hagusi kitu. Anamwomba tu afanye kila anachofanya asubuhi, kisha anasimama nyuma yake. Mama Simu anazima, anawasha, anaandika neno la siri. Enta. Enta.

Fundi anamwomba arudie. Anarudia. Fundi anajishika mdomo.

"Mama, hapo katikati kinatokea kiboksi," anasema taratibu. "Kinauliza kama unairuhusu programu yako ya kusoma ifunguke. Chaguo limekaa kwenye Hapana. Ukibonyeza enta ya pili, unakataa."

Miaka yote enta hiyo ya pili ilikuwa ya kuondoa tangazo la hospitali. Mfumo mpya ukaweka swali lake palepale, na swali likiwa wazi, programu haiwezi kusema lolote.

Mama Simu anashika ukingo wa meza. "Mimi?" anauliza. "Ni mimi niliyekuwa naikatalia?"

Hapo kabatini kuna keshia wa dirisha la jirani, kikombe mkononi. Uso umemshuka.

"Dada, mimi nilikuwa nakiona," anasema. "Tangu Jumatatu. Naona unabonyeza Hapana kila mara, nikajua hutaki. Nikasema wewe ndiye unayeijua mashine yako."

Siku tatu nzima, na katika chumba hiki hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Wamepita nyuma yake, wameona, wamechukua vikombe, wameondoka. Yeye naye aliuliza mara moja tu, Jumatatu, kama kompyuta inawaka. Keshia akamjibu inawaka.

"Sikuuliza zaidi," anasema Mama Simu. "Miaka yote hii nahangaika watu wasiseme mimi ni mzigo."

Fundi anamwomba aanze upya, na kiboksi kikitokea anabonyeza mshale mmoja, kisha enta. Sauti inafumuka kwa kasi yake ileile, na Mama Simu anafunika uso kwa viganja. Simu inalia. Anajifuta haraka, anapokea.

Saa kumi kasoro, mkuu wa utawala anaingia na mwanamume aliyekuja kuchukua kiti. Fundi anaeleza. Mkuu anacheka, anasema kumbe kilikuwa kitu kidogo tu. Mama Simu anainua kidole bila kugeuka: asubiri, ana mtu kwenye laini. Wote watatu wanasimama pale mpaka anapomaliza kumuunganisha mpigaji na wodi ya watoto. Kisha mwanamume yule anaambiwa arudi alikotoka.

Fundi hakumficha: mabadiliko mengine yatakuja, na maswali yake. Mama Simu ameomba kila yakija, fundi mmoja awe amesimama nyuma yake asubuhi ya kwanza. Bado hajajibiwa. Anachotaka ni kukaa hapa mpaka mwanawe wa mwisho amalize chuo.

Keshia anarudi kabatini, ananyata. Mama Simu ametambua hatua zake.

"Mdogo wangu, kabla hujapita," anasema. "Nisomee kilichopo mbele yangu."

"Si inaongea sasa, dada?"

"Inaongea. Wewe nisomee."

Keshia anaweka kikombe chini, anamsogelea, na kuanza kusoma kuanzia juu.