Si Kila Kichwa ni Kipandauso

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi moja ya msimu wa kahawa huku kwetu Machame. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa, nikichuma kahawa pamoja na mume wangu Elinami. Macho yakaanza kuona vimulimuli, kisha kichwa kikauma.

Kuumwa kichwa hakukuwa jambo geni kwangu. Tangu usichana nina kipandauso. Huanzia juu ya jicho la kushoto, kikadunda upande huo huo, mwanga ukanichoma, nikatapika na kulala gizani hadi kipite. Nyumba nzima ilikwisha kukizoea. Ndiyo maana Elinami aliniambia kwa upole, "Kalale, funga dirisha. Kesho utakuwa mzima."

Lakini mama yake alikuwa amenifunza jambo. Siku za mwanzo za ndoa yangu alinikuta nikimeza vidonge kila kichwa kiliponigusa, akanikemea. "Unameza dawa ya nini, nawe hujajua kinachokuuma?" Kichwa cha uchovu, aliniambia, hubana pande zote kama kilemba kilichokazwa mno, na mabega huwa mazito. Hicho nilikipata kila nilipobeba majani ya ng'ombe juani bila kunywa maji, na dawa yake kubwa ni kula, kunywa na kupumzika. Cha homa huja na mwili wa moto na viungo kuuma. Hicho hutaka kipimo, si kubahatisha. Na vidonge vya kila siku, mwanangu, mwishowe huzaa kichwa kingine. Tangu hapo nikawa nakichunguza kila kichwa kinavyokuja.

Hiki cha shambani hakikukaa upande mmoja. Kilijaa chote, toka paji hadi kisogo. Uso ulikuwa umevimba, pete hainitoki kidoleni, na chini ya mbavu za kulia paliuma. Vimulimuli vile kipandauso hakijawahi kuniletea.

"Hiki si kile," nikamwambia Elinami. "Nipeleke hospitali Moshi."

"Kahawa imeiva na mvua inakuja. Tungoje jioni."

"Singoji. Usiponipeleka, nakwenda kwa miguu."

Nikaweka kikapu chini ya mgomba, nikaanza kutembea. Mama mkwe alikuwa zizini akikamua. Aliponiona uso, aliacha ndoo pale pale, akamgeukia mwanawe aliyenifuata nyuma.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akamwambia. "Kichwa ni chake, yeye ndiye anayekijua. Tafuta gari."

Elinami alikimbia kwa jirani mwenye pikapu.

Hospitalini nesi alinipima presha, akarudia kuipima, kisha akamwita daktari. Kifafa cha mimba kilikuwa kinanyemelea. Walinichoma sindano, na siku ile ile nikafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, mdogo mno, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi mpaka akapata nguvu. Ndiye Anaeli, ambaye leo ana watoto wake.

Elinami alipokuja kunitazama alileta mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai. "Mimi ningekulaza gizani," akasema. Nikamwambia anipe mtori.

Sasa sikia, mwanangu. Kipandauso si uvivu. Ukimwona mwenzako nacho, mpe giza na utulivu, na kikimrudia mara kwa mara aende akaonane na daktari. Kichwa kikikubana baada ya kutazama simu kutwa nzima, pumzisha macho kabla ya kutafuta kidonge. Ila kichwa kikija ghafla kama umepigwa nyundo, au shingo ikakataa kuinama pamoja na homa, au mkono ukalegea na maneno yakakwama, au ukiwa na mimba, au umejifungua karibuni, na kichwa hakiachii, usimsubiri mtu akuruhusu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Inuka uende, na wakikuambia ni kile kile, rudia kusema mpaka wakusikie.

Ruwa, Mungu wa babu zetu, akupe mwili wenye afya, akupe sauti ya kuusemea, na akuzungushie watu watakaoacha kazi zao wakusikilize.