Fundi wa Vikombe Viwili

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na bila ya chembe ya shaka, kwamba mashine za kufulia zinazokuja Unguja kutoka Ulaya hukataa kupasha maji kwa sababu ya joto letu. Maneno haya niliyaokota barazani, na barazani kwetu neno likishazungushiwa kahawa huwa si uvumi tena, huwa elimu. Ilisemwa kwamba mashine imezaliwa kwenye baridi. Ikishushwa hapa ikaonja joto la kaskazi, hudhani maji yameshachemka zamani, basi hutulia zake na kuzungusha nguo kwenye maji ya bomba. Nilikubali papo hapo. Mimi nimesoma madarasa ya jioni, na siku tuliyosomeshwa sura ya joto umeme ulikatika, kwa hivyo sura hiyo niliimalizia mwenyewe kichwani. Nimeikumbuka imani yangu wiki hii kwa kuwa fundi aliyenihangaikia mashine yangu amefariki dunia. Amezikwa Jumatano baada ya sala ya alasiri, na msafara wa jeneza lake ulikuwa mrefu hata wa mbele walishafika makaburini na wa nyuma bado wanatafuta viatu vyao msikitini. Mwenyezi Mungu amrehemu. Angeuona msafara ule, angeucheka mpaka akae chini.

Hakuwa rafiki yangu wa kushibana. Alikuwa fundi wa mafriji na mashine za kufulia, mtu wa mtaa wa Amani, mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya bahari, na aliyejipaka mafuta ya mawaridi kiasi cha wewe kujua kaingia mtaani kabla hujaisikia vespa yake. Kilichotukutanisha ni mama mkwe wangu. Bibi huyu amelima mwani Jambiani umri wake wote. Miguu ilipomgomea tukamchukua kuja kukaa nasi Mji Mkongwe, chumba cha chini, kando ya ua. Mtu akiwa wa kitandani, mashuka hufuliwa kila siku, na mashuka hayo yanataka maji ya moto. Shemeji yangu akatupatia mashine kuukuu iliyokuja na kontena. Ilifua vyema kwa muda, kisha ikashikwa na maradhi: inazunguka, inasimama njiani, inamulika herufi na tarakimu kwenye kioo chake, na maji ndani yake ni baridi tupu. Mke wangu akarudia kuchemsha maji kwa sufuria na kuyabeba hadi uani. Siku moja sufuria ikamponyoka, ikamuunguza mkono. Jioni mama yake akaniita. Nikaitika naam, nikaenda.

"Mkwe wangu, nirudisheni Jambiani," akasema. "Sikuja mjini kumuunguza mwanangu."

Jambiani nyumba yake ilikuwa imefungwa, na hakukuwa na wa kumgeuza ubavu wala wa kumpa maji. Alilijua hilo kuliko sisi, na bado aliomba. Hapo ndipo nilipoamua kuitia elimu ya barazani kazini. Nilinunua bonge la barafu kwa wauza samaki, tukaisogeza mashine mpaka kivulini, nikaliweka juu yake na kulifunika gunia, ili mashine ijihisi iko kwao. Harufu ya samaki changu ikajaa uani. Paka wote wa Mji Mkongwe walihudhuria, na nadhani wengine walitoka Bububu. Na ajabu ya Mungu, jioni ile ile maji yakapata moto! Nikaenda barazani nimetoa kifua kama mbunge mpya. Nikayaandika kwenye safu hii hii, na nyinyi wasomaji mkanipongeza. Mmoja wa Paje akanambia ya kwake ameiwekea feni. Kesho yake maji yakarudi baridi. Nikaona barafu haikutosha, nikaongeza.

Mke wangu ndiye aliyekwenda kumwita fundi, bila ya kunishauri. Akaja, akaipindua mashine huku na huku, akatangaza kwa sauti ya kuwaamsha majirani kwamba ni hita imekufa. Akaitoa, akatia nyengine, maji yakapata moto, akala mandazi yetu yote, akaondoka anaimba. Siku ya pili, baridi. Wengi wetu hapo tungezima simu. Yeye alipiga mwenyewe kuuliza bibi kaamkaje, akaambiwa habari ya maji, na kabla ya adhuhuri vespa ilikuwa mlangoni. Baada ya salamu neno lake la kwanza lilikuwa, "Nshakosea. Hita ilikuwa haina neno." Nimefanya kazi na wakubwa wa kila aina, na neno hilo sijalisikia kwao hata likinong'onwa.

Akavuta kigoda na kutaka aambiwe habari ya mashine tangu mwanzo. Nikamweleza mimi, kwa urefu unaostahiki: Ulaya, kaskazi, barafu. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, hakutabasamu. Nilipomaliza akasema sasa anataka kumsikia anayefua. Mke wangu akamwambia kwa ufupi kwamba mara zote mbili maji yalipopata moto ni mara ambazo mashine imesogezwa mahala pake. Fundi akaacha kutafuna andazi lake.

Akaagiza vikombe viwili, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha maji ya barafu. Kutoka tumboni mwa mashine akachomoa kitu mfano wa kidole cha mtoto chenye waya, kipima joto kinachoiambia mashine maji yamefika wapi. Wao mafundi hukiita sensa. Akaunganisha mita yake na kukitumbukiza kwenye maji ya moto: tarakimu zikashuka. Akakihamishia kwenye baridi: zikapanda, na akasema ndivyo inavyotakiwa, kwani mita inapima ugumu wa umeme kupita, nao hupungua kwa joto. Akafanya hivyo tena na tena, huku mama mkwe akiuliza kutoka chumbani chai hiyo ya nani isiyonyweka. "Huyu mzima," fundi akasema. "Anasema kweli. Ila maneno yake hayafiki." Akafuata waya, shubiri kwa shubiri, mpaka kwenye kiungo chake huko nyuma, na pale pakaonekana kutu ya kijani. Alipokigusa kwa ncha ya bisibisi, tarakimu zikapotea, alipokisukuma, zikarudi. Akakata, akaunga upya, akaziba pasiingie unyevu.

Mashine ilipowashwa, bibi akataka atolewe uani kwa kiti. Tukakaa naye mpaka kioo cha mlango wa mashine kikaanza kutanda mvuke. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja pale kiooni, akakiacha.

"Haya," akasema, "Jambiani watanisubiri."

Mke wangu akaingia ndani kwa haraka, akisema amesahau kitu jikoni. Bibi yuko nasi hadi leo, na siku ya maziko ya fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuhimiza tusichelewe.

Huko matangani nilimkuta kila mtu ana kisa chake: huyu friji, yule feni, mwengine pampu ya kisima, na kila kisa kina mahala fundi alipokosea na mahala aliporudi. Nimetafakari sana. Zamani shuka lilifuliwa kwa mkono na ubao, na kilichoharibika kilionekana kwa macho. Sasa tumeingiza majumbani vitu vyenye siri tumboni, na pale tusipoviona ndani tunavitilia hadithi. Hadithi ni tamu, mimi nazila mchana na usiku, ila hazipashi maji. Marehemu alizisikiliza zote, akacheka nazo, kisha akaomba vikombe viwili. Ndugu msomaji, ukitaka kumsaidia mtu, muulize anayebeba mzigo, jaribu kwa mkono wako, na ukikosea rudi mlangoni useme.

Siku ile, kwa furaha niliyokuwa nayo, nilimsindikiza fundi hadi kwenye vespa na kumuahidi kwamba kila Ijumaa nitaiwekea mashine barafu, ili maradhi yasirudi. Akawasha. Kisha akazima. Akaniangalia kwa huruma ya mtu aliyestahamili siku nzima.

"Bwana wangu," akasema, "mashine haidhani kitu. Waya umeliwa na chumvi ya bahari, na barafu yako ya samaki ndiyo inazidi kuuchuruzikia."